Subiri Kwanza Basi la Mwisho Liondoke: Vijiji vya Japani Vinavyostahili Mtu Kulala

Kijiji cha Ainokura, kilichoko Gokayama katika mkoa wa Toyama, kina nyumba ishirini hivi zenye mapaa marefu ya nyasi, na mchana ule nilipofika wageni tulikuwa wengi kuliko wenyeji. Tulisimama mahali pamoja tukipokezana kupiga picha ileile. Ilipofika jioni, basi la mwisho liliteremka bondeni na watu wote isipokuwa wachache tuliokuwa tumeweka nafasi ya kulala, na haukupita muda kijiji kikawa kama kimeshusha pumzi: moshi ulianza kupenya kwenye nyasi za mapaa, mzee mmoja akatoka kukagua mfereji unaoingiza maji kwenye majaruba yake ya mpunga, na vyura wakapiga kelele kiasi cha kumfanya mtu apaze sauti ili asikiwe na aliyeketi jirani naye. Tangu siku hiyo, mgeni anayekwenda Japani akiniuliza aende wapi mashambani, mimi humuuliza kwanza ana siku ngapi za kulala huko, kisha ndipo tunazungumza habari za mandhari.

Nyumba hizo huitwa gassho-zukuri, jina linalotokana na viganja viwili vilivyokutanishwa kwa sala, kwa kuwa paa lake lina mwinamo mkali unaokaribia nyuzi 60, ili theluji nzito ya milima hiyo iporomoke badala ya kulielemea. Boriti za juu hazikupigwa misumari, bali zimefungwa kwa kamba na fito laini, hivyo nyumba hunepa kidogo upepo unapoisukuma kisha hurudi mahali pake. Darini, ambako kuna ghorofa mbili au tatu, familia zilifuga viwavi vya hariri. Chini ya sakafu, watu wa Gokayama walitengeneza shura ya baruti kwa ajili ya watawala wa jimbo la kale la Kaga, nao watawala walipenda kazi hiyo ifanyike katika bonde ambalo mpelelezi asingeliingia kwa urahisi. Mwenyeji wangu alinisimulia hayo tukiwa tumeketi kuzunguka irori, yaani jiko la shimo lililo katikati ya sebule, akiongeza kwamba moshi wake ndio unaokausha nyasi na kufukuza wadudu, na kwamba nyumba isiyowashwa moto paa lake huoza mapema. Paa lililotunzwa hudumu miaka 30 hadi 40, kisha huezuliwa na kuezekwa upya kwa msaragambo wanaouita yui, ambapo kijiji kizima hupanda juu ya paa la mtu mmoja, naye hubaki akidaiwa nguvu zake siku ya paa la jirani.

Wengi wanaijua zaidi Shirakawa-go iliyoko upande wa mkoa wa Gifu, ambayo kijiji chake cha Ogimachi kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995 pamoja na Ainokura na Suganuma. Simzuii mtu kwenda, kwa sababu ni kikubwa zaidi, kinafikika kwa basi la dakika 50 hivi kutoka Takayama, na ukipanda hadi kilima cha Shiroyama unakiona chote kimelala chini yako kama kitu kilichopangwa kwa mkono. Hata hivyo, anayeingia saa tano asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri huwa ameona zaidi migongo ya watalii wenzake. Kama huna siku ya kulala, ni afadhali uende Suganuma, chenye nyumba tisa tu za namna hiyo, utembee polepole.

Mahali pa pili ninapopataja bila kusita ni bonde la Kiso, hasa njia ya miguu ya kilomita 8 hivi kati ya Magome na Tsumago. Ni kipande cha Nakasendo, barabara ya kale iliyounganisha Edo, ambayo leo ni Tokyo, na Kyoto kwa kupita milimani, ikiwa na vituo 69 vya kupumzikia wasafiri. Ushauri wangu ni kuanzia Magome, kwa kuwa kiko juu zaidi, hivyo ukishavuka kilele cha njia sehemu kubwa iliyobaki ni mteremko kwenye msitu wa mierezi na misonobari. Njiani utakuta kengele zilizotundikwa ili kila apitaye aigonge moja kumjulisha dubu kwamba kuna mtu, na usione haya kuigonga kwa nguvu. Katikati ya safari pana nyumba ya kale ambako watu wa kujitolea humkaribisha mpita njia chai bila malipo. Nilipofika, bibi aliyekuwa zamu aliniuliza natoka wapi, akaweka alama kwenye ramani iliyobandikwa ukutani, kisha akanisukumia sahani ya kachumbari ya figili kana kwamba nimechelewa kurudi nyumbani.

Misitu ile imehifadhiwa kwa ukali tangu zamani. Katika enzi za Edo (1603–1868) watawala wa jimbo la Owari walikataza kukata baadhi ya miti ya Kiso, na wenyeji bado wanakumbuka msemo wa nyakati hizo: mti mmoja, kichwa kimoja, yaani aliyekata mti alilipa kwa kichwa chake. Tsumago nacho kilinusurika kwa namna yake. Reli ilipopita mbali na kijiji, biashara ilikufa na nyumba zikaanza kuchakaa, mpaka mwaka 1971 wakazi walipokubaliana wasiuze, wasipangishe, wala wasibomoe. Mwaka 1976 kikawa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini kulindwa rasmi kama mkusanyiko wa majengo ya kihistoria. Magari hayaruhusiwi kwenye mtaa mkuu mchana, na nyaya za umeme zimefichwa zisionekane kutoka barabarani. Ukiwa na mzigo mkubwa, kuna huduma ya kuusafirisha kutoka kijiji kimoja hadi kingine katika msimu wa watembeao, nawe utembee mikono mitupu.

Hapa niseme jambo la nauli, kwa maana ndilo lililoniaibisha. Kwenye mabasi mengi ya mashambani mtu hupandia mlango wa nyuma au wa kati, huchukua kikaratasi chenye namba, kisha hutazama ubao ulio juu ya dereva, ambao huonyesha chini ya namba yake kiasi anachodaiwa, kikiongezeka kadiri basi linavyokwenda. Malipo hufanywa wakati wa kushukia mlango wa mbele, kwa kiasi kamili. Mashine iliyo kando ya dereva huchenji sarafu na noti ya yeni 1,000, na mara nyingi huishia hapo. Mimi nilikuwa na noti ya yeni 10,000 peke yake, na basi zima likasubiri huku abiria mmoja mzee akifungua pochi yake kunichenjia, akihesabu noti moja moja kwa utulivu ambao ulinitia aibu zaidi kuliko kama angenifokea. Kwa hiyo weka akiba ya sarafu, kwa sababu hata vibanda vya mboga visivyo na muuzaji, vilivyoko kando ya barabara za vijijini, vina kijisanduku cha kutumbukizia yeni 100 na hakuna wa kukurudishia chenji.

Usidanganyike pia kwamba tiketi ya reli ya watalii ni lazima. Bei yake ilipandishwa Oktoba 2023, ile ya siku 7 ikatoka yeni 29,650 hadi 50,000, na kwa anayekusudia kukaa katika mabonde mawili au matatu, tiketi za kawaida na mabasi huwa nafuu zaidi. Gari la kukodi lina faida kubwa kwenye visiwa vya Shikoku na Hokkaido. Japani huendesha upande wa kushoto, lakini inatambua kibali cha kimataifa kilichotolewa kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1949 tu, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba nchi yako inatoa hicho na si kile cha mkataba wa 1968.

Kwa mtu mwenye miguu imara, rasi ya Kii, kusini mwa Osaka, ina njia za hija za Kumano Kodo, zilizoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Njia ya Nakahechi, kutoka Takijiri hadi hekalu kuu la Hongu, ni kilomita 38 hivi, ambazo wengi huzigawa kwa siku mbili. Mandhari yake si ya kutazama kwa mbali. Ni mizizi, mawe yenye kuvu, ukungu na vihekalu vidogo vilivyopangwa njiani, ambavyo vingi vina muhuri wa kupiga kwenye daftari lako. Hekalu la Hongu lenyewe zamani lilisimama kwenye kisiwa cha mchanga mtoni, mafuriko ya mwaka 1889 yakalibomoa, na yaliyosalia yakahamishiwa mlimani lilipo leo. Karibu na hapo, Yunomine, kuna Tsuboyu, kibanda kidogo juu ya kijito chenye dimbwi la maji moto linalotosha watu wawili, nawe hupewa zamu ya nusu saa. Oga kwa sabuni nje kabla ya kuingia kwenye bafu lolote la maji moto la Japani, na usiingie na nguo. Hapa Tsuboyu hakuna sabuni, kwa hiyo jimwagie maji tu. Baada ya siku mbili za kupanda na kushuka, nusu saa hiyo ilinitosha kabisa, ingawa maji yalikuwa na moto wa kumfanya mtu aingie kwa awamu.

Ine, kaskazini mwa mkoa wa Kyoto, ni kijiji cha wavuvi chenye nyumba 230 hivi zilizojengwa ukingoni kabisa mwa bahari, mashua ikilala chini na vyombo vya nyumbani vikiwa juu. Iliwezekana kujenga hivyo kwa sababu kisiwa cha Aoshima hukinga mdomo wa ghuba na maji hayapwi wala kujaa sana. Ni mahali pa kupendeza, lakini ni makazi ya watu, na mlango ulio wazi si mwaliko. Huko Biei, Hokkaido, ambako vilima vya ngano na viazi hupigwa picha kila majira, mti mmoja maarufu wa popla ulikatwa mwaka 2016 baada ya mwenye shamba kuchoshwa na watalii walioingia kwenye mazao yake kuufuata. Sioni sababu ya kumlaumu.

Pwani ya rasi ya Noto, katika mkoa wa Ishikawa, ina majaruba 1,004 ya Shiroyone Senmaida yanayoshuka hadi baharini, mengine madogo kuliko meza ya chakula. Tetemeko la tarehe 1 Januari 2024 liliyapasua, na mvua kubwa ya Septemba mwaka huohuo ikaongeza uharibifu, nao wakulima wamekuwa wakiyarudisha kidogo kidogo kwa mkono. Ukienda, ulizia kwanza hali ya barabara na nyumba za wageni, na matumizi yako uyafanye hukohuko.

Ningeambiwa nichague mahali pamoja tu pa kurudi, ningekwenda bonde la Iya, katika mkoa wa Tokushima kisiwani Shikoku. Kutoka kituo cha treni cha Oboke barabara huingia kwenye magenge ambayo jua huyafikia kwa saa chache, na nyumba zimeshikilia mteremko kiasi kwamba katika kitongoji cha Ochiai tofauti ya kimo kati ya nyumba ya chini na ya juu kabisa ni mita 390 hivi. Mpunga hauna nafasi huko. Watu walikula mtama na ngano nyeusi, ambayo Wajapani huiita soba, na tambi fupi za ngano hiyo ndizo chakula kinachotajwa kwa jina la bonde. Wenyeji husimulia kwamba ukoo wa Heike, uliposhindwa vitani karne ya 12, ulikimbilia humu na kusuka madaraja ya mimea itambaayo ili uweze kuyakata adui akitokea. Daraja la Kazurabashi lina urefu wa mita 45 na liko mita 14 juu ya maji, husukwa upya kila baada ya miaka 3, na ndani ya mimea hiyo siku hizi mmefichwa nyaya za chuma. Kujua habari za nyaya hakukunisaidia kitu, kwa maana fito za kukanyagia zimeachana kwa upana wa unyayo na mto unaonekana wote. Nilivuka nikiwa nimeshika pande zote mbili, nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa akizungumza na mwenzake bila kutazama chini.

Ndani zaidi ya bonde kuna Nagoro, kijiji ambacho vijana wake waliondoka na wazee wakafariki, na ambacho mkazi mmoja aliyerudi nyumbani alianza kushona sanamu za matambara za ukubwa wa mtu, mpaka zikawazidi wakazi kwa mbali. Ziko mashambani zikilima, ziko barabarani zikitengeneza waya, ziko kwenye madawati ya shule iliyofungwa mwaka 2012. Nilifika hapo asubuhi moja yenye ukungu, nikazunguka kwa saa mbili bila kukutana na mtu zaidi ya mwanamke aliyekuwa akipalilia, ambaye aliniinamia kichwa na kuendelea na kazi. Kisha nikaenda kituoni kusubiri basi, ambalo hupita huko kwa nadra. Kwenye benchi walikuwa wameketi sanamu wawili, mzee mwenye kofia na mke wake mwenye kapu, nikajibanza pembeni yao. Basi lilipokuja, dereva alisimama, akafungua mlango, akanisubiri nichukue kikaratasi changu, tukaondoka, na wale wawili wakabaki wakitazama upande ambao basi lilitokea.