Ule utando kwa karai ya dani

Juzi nilikuwa kwa dani, yaani nyanya yangu, nje kidogo ya Kisumu, siku ya kufua, na dani ana sheria moja hapo kwake haivunjwi: nguo nyeupe zinafuliwa na maji ya mvua kutoka kwa pipa, zile zingine ndio zinapata ya kisima. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu tu, "Nyathina (mtoto wangu), hiyo ya kisima inakula sabuni." Basi nikajaza karai mbili nikasugua kipande kimoja cha sabuni kwa zote mbili. Ya mvua ikatoa povu hapo hapo. Ya kisima nilisugua mpaka vidole vikakunjamana na povu hakuna, badala yake juu ya maji kukakuja utando wa kijivu, ukiugusa na kijiti unakatika vipande kama maganda, halafu vinaelea tu pale, na pembeni mwa karai unabaki mstari unaonata.

Wengi huita hiyo uchafu. Mimi nimesoma kemia na nawaambia, kuna maajabu pale.

Sabuni inatoka kwa asidi za mafuta, na molekuli ya asidi hizi ina umbo kama kiluwiluwi: kichwa kinapenda maji, mkia mrefu unayakimbia. Ukidondosha kidogo tu juu ya maji zinasambaa, vichwa vinazama, mikia inabaki hewani, na ukizibana zinasimama bega kwa bega, tabaka moja tu la molekuli. Ile ya steariki, yenye kaboni 18, tabaka lake ni kama nanomita 2.5, yaani upange karibu 30,000 ndio ufikie unene wa unywele. Benjamin Franklin alimwaga kijiko cha chai cha mafuta kwa bwawa la Clapham kule London, akaandika mwaka 1774 kwamba yalituliza maji kama nusu ekari. Nusu ekari! Shamba la dani lote la mahindi, kwa kijiko kimoja.

Sasa kalsiamu iliyo kwa maji ya kisima, na metali zingine, zinaingiaje hapa? Kama maji yana asidi, kile kichwa kinashikilia hidrojeni yake, hakina chaji, ayoni za metali (atomi zenye chaji) zinapita tu. pH ikipanda, yaani asidi ikipungua, hidrojeni inaondoka, kichwa kinabaki na chaji hasi, na tabaka zima linaanza kuvuta ayoni kutoka chini, hata kama kwa maji ziko chache sana zinakuja kujazana pale juu. Sodiamu ina chaji moja, inashika kwa ulegevu. Kalsiamu iko na mbili, kwa hivyo inashika vichwa viwili kwa mpigo, kama mama anavusha watoto wawili barabara, mmoja kila mkono, na utando unakazana unakuwa mgumu. Magnesiamu pia ina mbili lakini imekumbatia maji yake sana, haiyaachi kirahisi, ndio maana haikaribii kichwa vile kalsiamu inafanya. Na kadmiamu na risasi ndizo zilinishangaza zaidi, watu wakipiga eksirei juu ya maji wamekuta ayoni zenyewe zimejipanga kwa mistari yao chini ya utando, kama miche kwa kitalu.

Ule wa karai si tabaka moja, ni mengi yamerundikana, lakini mshiko ni ule ule, kalsiamu ya kisima imenyakua vichwa vya sabuni na sabuni haina tena cha kufulia.

Na mtu aliyetufungulia hii njia alikuwa jikoni, hilo nalirudia kwa kila mtu. Agnes Pockels, Mjerumani wa Braunschweig, vyuo vikuu havikuwa vinachukua wanawake wakati huo, akawa anaosha vyombo nyumbani na kuangalia maji ya mafuta mpaka akajitengenezea chombo cha bati chenye kipande cha kusukuma utando, na kifungo cha nguo kwa mizani cha kupima uso wa maji unavuta kwa nguvu gani. Mwaka 1891 akamwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, na Rayleigh akaipeleka barua ile ikachapishwa kwa jarida la sayansi la Nature. Irving Langmuir, mwanakemia Mmarekani, alifuata njia hiyo hiyo akapata Nobel 1932, na Katharine Blodgett, mwenzake wa kazi, akachukua tando zilizokazwa na metali kama bariamu akazipandisha kwa kioo tabaka juu ya tabaka, 44, mwaka 1938 akapata kioo kisichorudisha mwanga.

Jioni nikaomba dani kijiko cha magadi, yale yake ya kupikia mboga, nikakoroga kwa ndoo ya maji ya kisima. Yakageuka kama yametiwa maziwa kidogo. Nikayaacha yatulie mpaka chini kukalala unga mweupe, ile kalsiamu imeshikana na kaboneti ya magadi, nikachota ya juu polepole nikasugua sabuni. Povu likaja. Dani akaingiza mkono, akalisugua kati ya vidole bila kusema kitu, kisha akaniambia nilete shuka.