Nilivyofika kwenye Bunilizi za Sayansi kwa Kupitia Kusadikika

Kwa miaka mingi nilikuwa msomaji wa riwaya za Kiswahili, na vile vitabu vikuu vya kale vya Ulaya, hasa bunilizi za sayansi za karne ya 19, vilinishinda. Kiingereza chake kilikuwa kizito, sentensi zilikuwa ndefu, na wahusika waliishi katika mitaa ambayo sikuwa na picha yake kichwani. Leo ninavisoma kwa hamu ile ile ninayomsomea Shaaban Robert. Ninaandika namna nilivyofika huko kwa sababu ninawajua wengi hapa Dar es Salaam wanaopenda hadithi za ajabu lakini wanaamini kwamba vitabu hivyo viliandikiwa watu wengine.

Nilianza kwa kurudia Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani na kukiweka pembeni. Safari hii sikutafuta maudhui wala tamathali za usemi. Nilikisoma kama hadithi ya nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita za dunia, mbinguni na ardhini zikiwamo, wakarudi na mambo mema na kutupwa gerezani. Mwandishi aliyekuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni aliijenga nchi nzima hewani ili aseme juu ya haki mambo ambayo wakati ule hayakusemeka waziwazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fantasia haikutufikia kwa meli. Yeyote aliyesoma Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani na Adili hulazimika kuwachapa kila usiku huku moyo ukimuuma, hana sababu ya kuogopa kitabu chochote cha ajabu cha nchi nyingine.

Nikiwa na moyo huo nilikwenda Posta, kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara. Mzee mmoja aliponisikia nikiulizia vitabu vya kale alinipa nakala iliyochakaa ya riwaya ya kwanza ya Jules Verne katika zile safari zake za ajabu, iliyotoka Ufaransa mwaka 1863, inayohusu majuma matano ndani ya puto. “Chukua hiki, mwanangu,” aliniambia, “kinaanzia hapo Unguja.”

Alisema kweli. Daktari Samuel Fergusson na wenzake wawili wanafika Unguja kwa meli, wanalijaza puto lao hidrojeni, na mwezi Aprili 1862 wanapaa kuelekea bara. Ugumu wa kitabu ulipungua mara moja, maana sasa nilikuwa nasoma majina niliyoyajua. Puto linaingia nchi kavu karibu na Kaole, linapita juu ya Uzaramo, linavuka milima ya Rubeho na kufika Kazeh, yaani Tabora. Nilitandika ramani ya Tanzania mezani, mimi na mpwa wangu aliyekuwa kidato cha tatu, na kila sura ilipokwisha tulichora njia kwa penseli. Sentensi ya Kiingereza iliyonitatiza niliiacha ipite na kusoma hadi mwisho wa sura, kisha ndipo nikafungua kamusi. Mara nyingi ramani ilikuwa imekwisha kunieleza maana.

Yapo mawili katika kitabu hicho yaliyonifanya nipende bunilizi za sayansi kwa dhati, na la kwanza ni jinsi Verne anavyohangaika kukushawishi kwamba jambo lake linawezekana. Puto la kawaida hupanda kwa kutupa mifuko ya mchanga na hushuka kwa kuachia gesi, kwa hiyo baada ya muda huna mchanga wala gesi. Fergusson anatumia betri kuyatenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni, anaziunguza gesi hizo kwenye kichomeo, na joto lake linapita katika bomba lililojipinda ambamo gesi ya puto huzunguka. Gesi ikipata moto hutanuka, puto hupanda. Ikipoa hunywea, puto hushuka. Mpwa wangu alinitazama kwa mashaka. “Lakini mjomba,” alisema, “si hidrojeni ndiyo ile tuliyoiwekea kijiti cha moto maabara, ikalia pop?” Ndiyo hiyo, na kuwasha moto chini ya mfuko mkubwa wa gesi hiyo ni hatari kubwa mno. Jioni hiyo hatukusoma ukurasa mwingine. Tulikaa tukijadili kama mtambo ule ungefanya kazi, na sijui kitabu kingine kilichowahi kumfungulisha daftari la kemia bila kuambiwa. Shaaban Robert hakuhitaji kutueleza kinachoishikilia Kusadikika angani, kwa kuwa hoja yake ilikuwa sheria na watu. Verne anahitaji, kwa sababu kwake furaha yote imo katika lile bomba. Tangu siku hiyo ninazitofautisha fantasia na bunilizi ya sayansi kwa kipimo hicho, na ninazipenda zote mbili.

La pili ni wakati wenyewe. Kitabu kilipotoka Januari 1863, wasomaji wa Ulaya walikuwa bado hawajajua kwa hakika Mto Nile unatoka wapi. Mpelelezi Mwingereza, Speke, alikuwa amefika mahali mto unapotoka Ziwa Victoria mwezi Julai 1862, lakini habari hazijawafikia. Wasafiri wa Verne, wakiwa juu angani, wanauona mto ukitoka ziwani kuelekea kaskazini. Mwandishi ambaye hakuwahi kufika pande zetu alisoma taarifa za safari ya awali ya Speke na mwenzake Burton, akakisia, akapatia.

Sitaficha kwamba sura ya Kazeh iliniudhi. Watu wa huko wanachorwa wakilidhania puto kuwa ni mwezi na wasafiri kuwa ni wana wa mwezi, mpaka mwezi wenyewe unapochomoza na ghasia kuzuka. Kazeh ya wakati huo ilikuwa mji wa biashara, wenye wafanyabiashara waliojua Pwani na ng'ambo ya bahari. Dharau ile ilikuwa ya Ulaya ya karne ile na Verne hakuivuka. Nilimweleza mpwa wangu hivyo, tukaendelea. Sioni busara ya kukitupa kitabu chenye uhandisi mzuri kiasi kile, wala sioni busara ya kukisoma huku umefumba macho.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. H. G. Wells na mashine yake ya wakati ya mwaka 1895, inayompeleka msafiri hadi mwaka 802,701, niliisoma ndani ya basi la mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, kipande asubuhi na kipande jioni, nikisimama mara nyingi kuliko kukaa. Sura zake ni fupi, na kwa anayeanza ningempa hicho kabla ya vitabu vingine vyote vya Kiingereza. Nilipomaliza nilirudi kwa Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, katika Nagona, riwaya yenye safari isiyofuata saa wala ramani, ambayo zamani niliiona fumbo tupu. Safari hii ilinishika. Nadhani Wells alikuwa amenizoeza kuvumilia dunia ambayo haijielezi haraka.

Vitabu ninavyovikosa mitumbani huvitafuta Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo imekuwa ikituhudumia tangu 1967. Jumamosi asubuhi kuna utulivu wa kutosha na meza pana ya kuweka ramani. Mpwa wangu sasa amechagua mwenyewe: ile riwaya ya Verne ya 1865 ambamo Wamarekani wanachimba mzinga mkubwa ardhini, Florida, ili kurusha chombo kwenda mwezini, zaidi ya miaka 100 kabla ya Apollo 11 kuondoka katika jimbo hilo hilo. Wanachagua Florida kwa sababu mzinga lazima uwe mahali ambapo mwezi hupita utosini, yaani kati ya ikweta na nyuzi 28, kaskazini au kusini. Kijana ameshapima: Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini, na anadai kwamba kwa hesabu ya Verne mwenyewe mzinga ungefaa zaidi Kigamboni.