Niletee Jina Moja

Jumamosi iliyopita, tukiwa ndani ya basi dogo kutoka Tanga mjini kwenda Muheza, kitinda mimba wangu alisoma kibao cha kituo kilichoandikwa Mbuyuni, akatazama kushoto na kulia, kisha akaniuliza, "Mama, mbona hapa hakuna mbuyu?" Nilimweleza kwamba huenda ulikuwapo ukakatwa au ukaanguka wenyewe, na kwamba jina huweza kubaki hata baada ya kitu kilicholizaa kuondoka. Aliridhika. Tulipoikaribia njia iingiayo kijijini kwa marehemu bibi yangu aliuliza tena, safari hii akitaka kujua maana ya jina la kijiji hicho, ambalo ni la Kibondei. Nilinyamaza, nikajishughulisha na kutafuta nauli mkobani.

Swali hilo nimewahi kuulizwa na mtu mwingine. Ilikuwa Septemba 2016, katika chumba chenye dirisha linalotazama Bahari ya Ireland, na aliyeuliza alikuwa bibi wa miaka 91 ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha, nikimlisha na kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu.

Miezi ile ya Port Erin, mji mdogo wa pwani katika Kisiwa cha Man, sijaisimulia sana hapa. Kisiwa cha Man kiko kati ya Uingereza na Ireland, kina kilomita za mraba 572, yaani kama theluthi moja ya Unguja, na wenyeji hukiita Ellan Vannin kwa lugha yao ya Kimanx. Bibi yule alizaliwa huko kusini, kwa wavuvi na wakulima. Ukutani mwake alikuwa ametundika ramani kubwa ya kisiwa, iliyofifia upande wa dirishani, na kila nilipomuaga kwenda mapumziko ya siku yangu moja ya juma aliniambia maneno yaleyale: "Ukirudi, niletee jina moja." Hakutaka maua wala biskuti. Alitaka jina la mahali nilipopita kwa miguu yangu, tuliweke nukta ya penseli kwenye ramani, kisha tulipasue jina lile vipande vipande mpaka maana yake itoke.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kimanx kidogo nilicho nacho. Purt ni bandari, traie ni ufuo, awin ni mto, glion ni bonde jembamba lenye kijito, creg ni mwamba, cronk ni kilima, slieau ni mlima, na balley ni makazi ya watu, ambayo yanaweza kuwa shamba moja au mji mzima. Beg ni dogo, mooar ni kubwa, doo ni eusi, bane ni eupe. Kwa maneno hayo machache, treni ya mvuke itokayo Port Erin kwenda Douglas, ambayo reli yake ilifunguliwa mwaka 1874, ilikuwa kwangu kama darasa linalotembea, kwa sababu vibao vya njiani vilianza kusema. Ballabeg ni Shamba Dogo. Douglas yenyewe kwa Kimanx ni Doolish, na bibi alinifundisha kusikia ndani yake doo, weusi, na neno la kale la kijito. Alinionya pia kwamba si kila jina ni la Kimanx, kwa kuwa Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, walitawala huko kwa karne kadhaa wakaacha yao: Snaefell, mlima mrefu kuliko yote kisiwani, wenye mita 621, ni Mlima wa Theluji kwa lugha yao.

Jina lililonikwamisha ni Cronk y Voddy. Cronk nilikijua, lakini voddy nilikitafuta kwenye kamusi yake ndogo kwa siku mbili nisikipate. Bibi aliniacha nihangaike, kisha akasema, "Tafuta moddey." Nilitafuta nikakuta mbwa. Ni Kilima cha Mbwa. Alinieleza kwamba maneno ya Kimanx hubadilika kichwani kulingana na neno lililotangulia, ndiyo maana Mannin ikifuata Ellan inakuwa Vannin, na Moirrey, ambaye ni Mariamu, anabaki na M yake katika Purt le Moirrey, lakini anakuwa Voirrey katika Keeill Voirrey, Kikanisa cha Mariamu. Alisema hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wamezoea lugha ambazo neno hubadilika mkiani.

Nilimwambia kwamba kwetu pia neno hubadilika kichwani. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Jino moja, meno mawili. Mgeni akitafuta "ndimi" kwenye kamusi bila kujua kwamba mzizi wake umejificha kwenye "ulimi", atahangaika kama nilivyohangaika mimi na voddy. Alinitaka nirudie: ulimi, ndimi, ulimi, ndimi. Alicheka kwa furaha hasa, akaniambia kwamba kwao ulimi ni çhengey, na kwamba neno hilohilo ndilo la lugha. Kuanzia siku ile hakunifundisha tena kama mgeni.

Alikasirika, na ilikuwa nadra kwake kukasirika, mtu alipoiita lugha hiyo maiti. Mzungumzaji wa mwisho aliyeinyonya na maziwa ya utotoni, Ned Maddrell wa Cregneash, alifariki Desemba 1974, na mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa lugha zilizokufa. Lakini kule kijiji cha St John's kulikuwa na shule ya msingi, iliyoanzishwa mwaka 2001, inayofundisha masomo yote kwa Kimanx, na watoto wake waliwaandikia UNESCO wakiuliza kwamba kama lugha yao imekufa, barua hii wameiandika kwa lugha gani. Maelezo yale yalirekebishwa. Bibi alikuwa amekata habari hiyo gazetini akaihifadhi ndani ya Biblia yake.

Jumapili ninayotaka kuisimulia nilitoka Port Erin asubuhi na mapema, nikafuata Raad ny Foillan, Njia ya Shakwe, inayozunguka kisiwa kizima kando ya bahari, ambayo alama zake ni shakwe mweupe kwenye kibao cha buluu. Nilipanda Bradda, nikateremka Fleshwick, nikapanda tena, na kwa saa nyingi sikuona chochote zaidi ya kondoo, kuta za mawe na vichaka vifupi vya freoagh vilivyokuwa vimeanza kupoteza maua yake ya zambarau. Nia yangu ilikuwa Cronk ny Arrey Laa, wenye mita 437, kwa sababu jina lake lilikuwa limenivutia kwenye ramani: Kilima cha Zamu ya Mchana, mahali ambapo zamani walinzi waliketi wakiangalia bahari wasije wakavamiwa. Niliwaza kumpelekea bibi jina hilo pamoja na habari ya nilichokiona kutoka juu.

Sikuona kitu. Nilipofika kileleni, ukungu ulikuwa umekuja kutoka baharini na kuifunika dunia yote isipokuwa miguu yangu. Wamanx husimulia kwamba Manannan, bwana wa bahari, hukitupia kisiwa joho lake la ukungu anapotaka kukificha machoni pa adui. Mimi sikuwa adui, lakini nilifichwa vilevile. Simu haikushika mtandao. Nilikuwa na nakala ya ramani niliyoikunja mfukoni, mkate, na yale maneno.

Nilianza kuteremka upande wa kaskazini, polepole, nikisoma ramani kwa kuileta karibu kabisa na uso. Jina lililofuata lilikuwa Eary Cushlin. Eary, bibi alikuwa amenifundisha, ni malisho ya kiangazi, mahali ambapo watu walihamia na mifugo yao miezi ya joto. Kwa hiyo nilijua kwamba nikifika nitakanyaga majani mafupi na laini badala ya vichaka, na kwamba haitakosekana dalili ya binadamu. Na kweli, ardhi ililainika chini ya viatu vyangu, ukatokea ukuta, ikatokea nyumba moja nyeupe iliyofungwa. Kutoka hapo njia nyembamba iligeuka kurudi kusini, ikiambaa na mteremko juu ya bahari ambayo niliisikia tu, na ramani ilisema kwamba mwisho wake ni Lag ny Keeilley.

Jina hilo hatukuwahi kulipasua na bibi. Nilisimama nikalitamka mwenyewe. Lag nilikijua: ni mahali palipobonyea, kibonde. Keeilley sikukijua, lakini nilikuwa nimeshajifunza kutoliamini umbo la nje la neno, nikaliondolea kinachobadilika nikabaki na keeill, ambalo ni kanisa dogo la kale, yale makanisa ya mawe ambayo Wakristo wa kwanza wa kisiwani waliyajenga kuanzia karne za 6 na 7, madogo kiasi kwamba watu 10 wangebanana ndani yake. Kibonde cha Kikanisa. Sikuwa nimeona kibonde wala kanisa. Mbele yangu kulikuwa na weupe mtupu, mteremko wa kangaga kuume kwangu uliopotelea chini, na mteremko mwingine kushoto uliopotelea juu. Lakini nilikuwa na hakika kwamba mtu fulani, zamani sana, alipita hapa na kupaita hivyo kwa sababu ndivyo palivyo, na kwamba nikiendelea kutembea ardhi italitimiza neno lake.

Nilihesabu hatua kwa kunong'ona. Njia ilipinda, ikashuka kidogo, kisha nikahisi kwa nyayo, kabla ya macho, kwamba mteremko umeacha kunisukuma upande mmoja. Ardhi ilitulia. Upepo ulikoma kama mtu aliyefunga mlango. Nikaona jiwe moja, la pili, kisha mstari mzima wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, yenye kuvu la kijivu na la manjano, yakifanya kuta nne za chini zenye nafasi ya mlango. Keeill. Nilitia mkono juu ya ukuta, na jiwe lilikuwa na maji baridi. Niliketi ndani, nikala mkate wangu, na kwa muda ambao siwezi kuukadiria ukungu ulipanda na kushuka, ukifunua mara moja maji ya rangi ya chuma mbali chini yangu na kuyafunika tena.

Na hapo, katika kibonde hicho cha watu wengine, nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Sisi ni Wabondei, na wazee hutuambia kwamba jina letu ni la bonde, watu wa bondeni. Alikuwa akiniita kwa Kibondei kutoka jikoni nami namjibu kwa Kiswahili kutoka uani, na hakuna aliyeona ajabu. Sikumbuki hata siku moja aliyonikataza Kibondei. Sikumbuki pia siku niliyomwomba anifundishe. Nilipokuwa nikimzika nilikuwa najua salamu, majina ya vyakula na maneno ya kukemea kuku. Sasa nilikuwa nimetembea tangu alfajiri, katika nchi isiyo yangu, nikifurahi machozi kwa kuwa nimelielewa neno "kibonde".

Nilirudi kwa njia ya juu, nikapata basi, nikafika jioni nimelowa. Bibi alikuwa hajalala. "Umeniletea nini?" Nilimwambia: Lag ny Keeilley. Nilitamka kama ilivyoandikwa, kwa sauti ya Kiswahili. Alifumba macho akataka nirudie, nikarudia. Ndipo akalisema yeye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake, nyororo na ya haraka, sehemu ya mwisho ikitoka karibu kama "kilya". Alisema hivyo ndivyo nyanya yake alivyolitamka. Kisha akanisimulia, kwa maneno machache, kwamba nyanya huyo alizungumza Kimanx na majirani wa rika lake, na watoto wakiingia chumbani walihamia Kiingereza, kwa sababu waliambiwa kwamba Kimanx hakimpatii mtu hata senti. Majina ya mahali ndiyo pekee waliyosahau kuyaficha.

Nilichukua penseli nikaweka nukta. Alinitazama nikimaliza, akauliza, "Na kijijini kwenu kunaitwaje?" Nikamtajia. Alilirudia vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa uangalifu, akilionja kama mtu anayelitafutia viungo. "Linamaanisha nini?" Nilimwambia sijui. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi ukirudi kwenu, niletee."

Alifariki Januari iliyofuata, na familia yake ikanipa ile ramani. Iko hapa Tanga, imetundikwa upande ambao jua haliifikii, ikiwa na nukta 23. Jumamosi usiku, mtoto alipolala, niliitazama, kisha nikampigia shangazi yangu wa Muheza nikamuuliza maana ya jina la kijiji. Alikaa kimya kidogo, akaniambia kwamba na yeye hakuwahi kuuliza, ila yuko mzee mmoja ambaye bado anazungumza Kibondei cha zamani, naye atamwendea Ijumaa baada ya sala. Leo ni Alhamisi.