Kidole gumba cha bibi

Bibi yangu hushona kofia za vito hapa Langoni, Lamu. Sindano yake hupita kwenye vitundu ambavyo mimi hata kuvihesabu siwezi. Kwa hiyo mwaka jana, alipotuma kwa bahati mbaya shilingi 3,000 za uzi mara mbili kwa simu, na kijana wa huduma kwa wateja akaniambia "huyo mama hajui simu tu," niliumia sana. Muuza uzi alizirudisha zile za ziada siku ya pili, Mungu ambariki, lakini maneno yale hayakunitoka.

Tangu hapo, usiku nikishafunga duka, nasoma kwenye intaneti kozi ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Nilidhani nitafundishwa kuchora skrini za kupendeza. Kilichonishika ni habari ya Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyewapa watu kijiti wagonge vibao viwili vya chuma, huku na huku, haraka wawezavyo. Matokeo aliyatoa mwaka 1954. Kibao kikiwa chembamba na kiko mbali, mkono hukawia. Ukilazimishwa kukimbia, hukosa. Kipanya cha kompyuta kilikuwa hakijazaliwa. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968, na miaka 10 baadaye Stuart Card na wenzake wa kampuni ya Xerox wakapima, wakaona mkono ulioshika kipanya unafuata kanuni ile ile. Kumbe kukosa kwa mkono kuna hesabu yake! Ukurasa huo niliusoma mara tatu.

Nikachukua rula nikapima vitufe vya programu ile ya kutumia pesa. Kimo chake milimita 5, "Rudi" na "Tuma tena" vimegusana. Mwongozo wa Android wataka kitufe kisipungue milimita 9 hivi.

Kisha nikavichora kwenye karatasi kwa kipimo kile kile, nikampaka bibi wino wa muhuri kwenye kidole gumba. "Bibi, bonyeza Rudi." Alama ikafunika vitufe vyote viwili, na katikati yake ikaangukia chini ya pale alipokusudia. Hapo nikaelewa. Ncha ya sindano anaiona mpaka inapozama kitambaani, lakini kwenye simu kidole chenyewe ndicho kinachoziba kitu anachotaka kukigusa.

"Waliotengeneza hiki walimwita nani awabonyezee?" akaniuliza, akijifuta wino kwa pembe ya leso.

Sikuwa na jibu. Nikachora upya, kimoja juu kabisa, kimoja chini, kila kimoja upana wa sarafu ya shilingi moja. Alibonyeza mara 10, hakukosa hata mara moja.

Karatasi zote nimezipiga picha nikaitumia kampuni yenyewe. Jumamosi nakwenda Shela na kidau changu cha wino. Manahodha wawili wa zamani wamekubali kunipa vidole vyao.