"Mashine imekataa, mzee"

Nilikaa dirisha la tiketi miaka 26 kabla ya kustaafu, kwa hiyo nikiwa abiria siwezi kuziba masikio.

Wiki iliyopita nilipanda treni ya usiku. Ilipaswa kuondoka saa 5:40, ikachelewa, ikatoka stesheni saa 6:25. Mkagua tiketi alipofika kwetu, binti aliyekaa mbele yangu akatoa karatasi yake. Kijana akaielekezea mashine, ikawaka taa nyekundu.

"Hii ni ya jana," akamwambia. "Utakata nyingine, na faini juu."

Binti akaganda. Treni ni ile ile, behewa ni lile lile, kiti ni kile kile. Kilichobadilika ni tarehe, na imebadilika kwa sababu treni yenyewe ilichelewa.

"Mwanangu," nikasema, "tarehe ya tiketi hufuata ratiba, si saa ya ukutani. Treni ya jana ikitoka leo, bado ni treni ya jana."

"Mashine imekataa, mzee."

"Kanuni inasemaje?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

Nikamsihi awapigie wakubwa wake. Akapiga. Baada ya dakika chache akarudi, akamwambia binti, "Basi, kaa," akaenda behewa la pili. Hakuomba radhi.

Jibu lile la mashine limenikaa moyoni kuliko hata ile faini. Enzi zetu kanuni zilikuwa kitabu kinene. Marekebisho yakija, tuliyakata na kuyabandika kwa gundi juu ya kifungu cha zamani, mpaka kitabu kikavimba kisifungike. Nikishuka njiani, naweza kuendelea kesho? Treni ya kwanza ikichelewa nikakosa ya kuunganisha, tiketi yangu inakufa? Maswali hayo yalikuja kila siku, na kama hukuwa na uhakika ulifungua kitabu mbele ya abiria. Kutojua hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kubahatisha, kwa sababu anayelipia makosa yako ni aliyesimama upande wa pili wa dirisha.

Kadi ndogo za kadibodi tulizouza zilibuniwa na Thomas Edmondson, seremala wa Uingereza aliyefilisika, kisha akawa mkuu wa stesheni ndogo katika miaka ya 1830. Wakati huo tiketi ziliandikwa kwa mkono. Yeye akaleta kadi zenye namba za mfuatano na kimashine cha kugonga tarehe. Namba zile zilitunyoosha sana: jioni ulilinganisha ya kwanza na ya mwisho na pesa zilizo mezani, na pengo ulilijibu wewe mwenyewe.

Simlaumu kijana peke yake. Aina za nauli sasa ni nyingi kuliko tulizokuwa nazo sisi: hii ya treni moja tu, ile hairudishwi pesa, nyingine ina saa zake. Amepewa mashine kabla ya kupewa kitabu. Sare yake ilikuwa imepigwa pasi, mikunjo imenyooka kabisa. Mtu anayejali suruali kiasi hicho angejali na kanuni, laiti pangekuwa na mtu wa kukaa naye na kumfundisha. Hilo linaniuma.

Binti hakulala tena usiku ule. Nilimwambia aiweke tiketi mkobani, mambo yamekwisha. Akanishukuru, lakini aliishika mkononi mpaka tulipofika.