Baba Mkubwa na Miji ya Reli ya Kati

Desemba 1996, nikiwa nimetoka tu kumaliza mtihani wa kidato cha nne, baba mkubwa alinichukua twende harusini Bukoba. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Chalinze. Yeye alikuwa gadi mstaafu wa reli, tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile iliyovunjika 1977, na kwake kusafiri kwa basi ilikuwa ni kujidhalilisha. Tukapandia treni Stesheni, Dar es Salaam, jioni, daraja la pili, watu sita chumba kimoja na mizigo hadi miguuni.

Morogoro tuliipita usiku, nikaambulia taa na sauti za wauza ndizi. Asubuhi tukaamkia Dodoma. Nilitarajia makubwa, maana shuleni tulikariri kwamba tangu 1973 iliamuliwa pawe makao makuu ya nchi. Nikakuta upepo na vumbi.

"Ndiyo makao makuu hayo," akasema baba mkubwa. "Yatazame vizuri, tunaondoka sasa hivi."

Saranda si mji, ila huwezi kusimulia safari ya reli ya kati ukaiacha. Hata treni haijasimama, kuku wa kukaanga walishafika madirishani, kwenye masinia yaliyobebwa kichwani. Mama mmoja alinyoosha paja lililofungwa kwenye gazeti linalovuja mafuta, mkono wa pili ukidai hela. Baba mkubwa naye hatoi hela kabla hajashika kuku. "Leta kwanza." "Toa kwanza, mzee!" Kichwa kikapiga honi, mabehewa yakashtuka. Mama akawa anatembea, kisha anakimbia, paja na noti zikiwa zimeshikwa na wote wawili, hakuna anayeachia. Wakaachiana kwa pamoja. Kuku alikuwa mtamu kupita maelezo, sijui kwa njaa au kwa ule ugomvi.

Tabora tuliingia giza limeshatanda, na hapo mzee akabadilika kabisa, akavaa koti. Kwa hesabu zake Tanzania ilikuwa na mji mmoja tu, nao ni huo. Nyerere kasoma hapo. Mwaka 1958, hapo hapo, TANU ikakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na uamuzi huo ukafungua njia ya uhuru. Na reli je? Mjerumani aliifikisha Kigoma 1914, Mwingereza akamaliza tawi la Mwanza 1928, na zote mbili zinaachania Tabora. (Mwanza ilipata hadhi ya jiji 2000, Dodoma 2018. Tabora bado manispaa. Mzee alishafariki, na nadhani ni afadhali.)

Tabora ndipo treni inapokatwa, mabehewa mengine Kigoma, mengine Mwanza. Kijana wa chumbani mwetu alishuka kunywa chai. Aliporudi, behewa letu lilikuwa limesogezwa njia nyingine, naye akadandia lililosimama mahali pale pale alipotuacha. Baba mkubwa akamwona dirishani, akaruka chini na tochi kama yuko zamu, akamvuta shati. "Hilo la Kigoma, we! Utaoa Mmanyema bila kupenda!"

Mwanza tulifika asubuhi. Mawe makubwa yamepandana, nyumba juu ya mawe, na lile jiwe la Bismarck limesimama ziwani peke yake. Kutoka hapo tulitakiwa tupande meli. Lakini ilikuwa ni miezi saba tu tangu MV Bukoba izame, Mei 21, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza na mamia ya watu ndani, na mjini kila uliyekaa naye alikuwa amepoteza mtu wake. Mwenye gesti alituonyesha upande wa Igoma, walikozikwa wengi. Baba mkubwa akalitazama ziwa kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, mimi mtu wa reli. Tutafute basi."

Basi! Sikuthubutu kucheka. Tukaondoka alfajiri, na hatukuwa tumekwenda mbali dereva akazima injini. Kigongo. Mbele yetu maji, na pantoni iliyokuwa ikivusha magari hadi Busisi. Hakuna aliyemwambia kwamba hata barabara inakatwa na ziwa.

Tukateremka, tukasimama ukingoni na abiria wengine. Mzee akavua viatu, akaviunganisha kwa kamba, akavining'iniza shingoni.

"Vya nini, baba mkubwa?"

"Anayezama na viatu ni mjinga."

Watu wakacheka hadi ng'ambo. Yeye alivivaa tena Busisi, baada ya basi kushuka na kusimama nchi kavu.