Siku moja kwenye tatami ya watoto, Lubumbashi

Saa 1 asubuhi. Kazi ya klabu yetu ya kuwafundisha watoto kujihami inaanza na ndoo. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia hata mlango ukifungwa, kwa hiyo tatami, yaani magodoro ya mazoezi, zinafagiwa, zinafutwa kwa sabuni, ndipo javeli, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ifuate. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu huo. Javeli ya asilimia 5 inataka mililita 20 kwa kila lita ya maji, yaani glasi ya mililita 200 kwa ndoo ya lita 10. Iache dakika 10, kisha pitisha kitambaa cha maji safi, la sivyo jioni watoto watajikuna mashavu. Inayobaki inamwagwa, haiwekwi hadi kesho.

Saa 3. Kukagua viungio. Kipande cha mita 1 kwa 1 chenye unene wa sentimita 4 kinafaa kwa kutupana. Cha sentimita 2 kiachiwe ngumi na mateke. Vipande vikiachana, kidole cha mguu kinazama katikati na kuteguka, ndiyo maana pembeni tunazungushia fremu ya mbao. Klabu isiyo na fedha inaweza kushindilia unga wa mbao na kuukaza kwa turubai. Inafaa kabisa, mradi mvua isiufikie.

Saa 9:45 alasiri. Kucha, hereni, shanga za nywele, ngozi. Mwenye choa au mapunye anakaa pembeni siku hiyo na mzazi anaambiwa. Aliyekula bukari (ugali) muda si mrefu naye anasubiri kidogo, maana tumbo lililojaa halitaki kuviringishwa.

Saa 10. Wadogo, miaka 6 hadi 9. Baridi ya Juni na Julai inadai dakika 15 za kupasha mwili badala ya 10. Halafu kuanguka, kila siku, kabla ya kitu kingine chochote. Judo ndiyo yenye somo bora hapa. Mtoto anachuchumaa, anabana kidevu kifuani na kutazama fundo la mkanda wake, anaketi karibu na visigino, anaviringika mgongoni, na viganja viwili vinapiga tatami kwa pamoja, mikono ikiwa imeachana kidogo na mwili. Pumzi inatoka wakati wa kupiga. Kosa kubwa ni kunyoosha mkono nyuma ili kujizuia: uzito wote unashukia kiganja, na mfupa wa juu ya kiwiko ndio unaovunjika. Akirudia kosa hilo, arudishwe kuchuchumaa, hata kama wenzake wameshaanza kuanguka kutoka kusimama.

Dakika za mwisho ni za kuchomoa mkono ulioshikwa. Njia ni upande wa kidole gumba cha mshikaji, kwa sababu hapo mshiko una mwanya. Kuvuta moja kwa moja kuelekea nyuma kunamfaidi mwenye nguvu. Mkono ukitoka: kelele, hatua mbili nyuma, mbio.

Saa 11. Wakubwa, miaka 10 hadi 14. Hapa mitindo inachanganyika: teke la kusukuma la Muay Thai, ndondi za Thailand, ili kupata nafasi, ngwala ya judo, na jujitsu ya Brazili, mchezo wa kupambana chini, kwa aliyekwisha kukaliwa tumboni. Huyo anabana mkono na mguu wa adui wa upande mmoja, anaingiza visigino karibu na matako, ananyanyua nyonga na kuviringika juu ya bega la upande uleule. Akinyanyua wima tu, anamrusha adui kidogo, kisha adui anamrudia kifuani.

Kisha kusimama kutoka chini. Kiganja cha kulia nyuma ya nyonga, wayo wa kushoto chini, mkono wa kushoto mbele ya uso. Mguu wa kulia unasukuma goti la mwenzake, nyonga inapanda, mguu huo unapitishwa chini ya mwili hadi nyuma ya kiganja. Wengi wanageuza mgongo katikati ya zoezi. Tunasimamisha na kuanza upya.

Mapambano ni raundi za dakika 2, pumziko dakika 1, wenza wa uzito unaokaribiana. Hakuna ngumi ya kichwa, hakuna kabali, na anayegonga kwa kiganja mara mbili, ishara ya kukubali kushindwa, anaachiwa palepale. Aliyejigonga kichwa akalalamika kizunguzungu, kichefuchefu au kuona ukungu hamalizi mazoezi, hata akisisitiza kwamba amepona. Anapelekwa kwa daktari na harudi bila ruhusa yake.

Saa 12. Giza linaingia haraka, kwa hiyo kila jina linafutwa daftarini mtoto anapokabidhiwa. Ndipo maswali ya wazazi: "Mwalimu, mutoto wangu atajua lini kupiga?" Kupiga kutakuja, Mama. Na Papa anayeuliza kuhusu kisu anajibiwa vilevile kila mara: kumpokonya mtu kisu hakufundishwi kwa watoto. Kisu kikionekana, mfuko wa shule unatupwa kushoto, mtoto anakimbia kulia, kuelekea kwenye taa na watu.